Malkia Uliyekataa Kumwita Adui

Mpendwa Baba,

Ndugu yako mkubwa hanisemeshi tangu tukuzike. Hapa nyumbani Malakisi nikimwamkia anaitikia huku akiangalia ng'ombe. Ati nimemwaibisha mbele ya ukoo mzima, kwa sababu nilimfungulia Mama lango siku ya mazishi yako. Nakuandikia kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kufanya hivyo, na kama kuna lawama basi tugawane.

Unakumbuka lile banda la video la Kitale, nyuma ya msikiti? Mabati yanawaka jua, mabenchi yamejaa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Nikitoka shule nilikuja moja kwa moja kuuza njugu mlangoni, nawe umekaa kando ya televisheni na kile kipaza sauti kilichofungwa utepe, unawatafsiria watu sinema. Lo, Baba, ulikuwa na mdomo! Jenerali wa Kichina ulimfanya aongee kama chifu wa Saboti. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai.

Na sheria ya banda kila mtu aliijua. Mtu mpya akitokea kwenye sinema, lazima useme hapo hapo yuko upande gani: huyu ni staringi, huyu ni adui. Watu walitaka kujua wa kumshangilia na wa kumzomea.

Kisha ukaleta ile hadithi ya kale ya wazungu, ya mfalme mgonjwa aliyezingirwa na maadui ndani ya ngome ya mawe, na mke wake. Ulikuwa na sidii tatu za hadithi hiyo hiyo moja, kila moja imetengenezwa na watu tofauti. Katika ya kwanza malkia alikuwa mchawi, makucha marefu, hakuna swali. Katika ya pili alikuwa malaika, kazi yake kulia tu. Ya tatu ndiyo ilituletea maneno. Humo malkia anatoka alfajiri kwa mlango mdogo, peke yake, haongei. Akifika darajani anageuka, anaitazama ngome kwa muda, halafu anaenda zake kwa maadui. Tunamwona mara moja tena, ameketi ndani ya hema lao. Je, alienda kumuuza mumewe ama kumwombea? Sinema inaisha bila kusema.

Mzee Hamisi, yule fundi wa baiskeli, akasimama juu ya benchi. "Wewe bana, tuambie! Huyo mama ni staringi ama ni adui?"

"Huyo bado sijamwelewa," ukamjibu. "Keti tumwangalie."

"Si kuelewa ndio kazi yako? Amemwacha mzee kitandani anaumwa!"

Banda lote likaguna pamoja naye. Mimi nilishika ungo wangu wa njugu nikatazama chini, maana mtaa wote ulijua kwetu mama hayuko. Alikuwa akienda Suam, anavuka kununua vitunguu upande wa Uganda, na safari moja hakurudi. Watu walisema ana mwanamume huko. Wewe nyumbani hukusema kitu, kizuri wala kibaya. Nilikuwa nikikutazama ukila, nangoja useme, mpaka unanawa mikono.

Siku hiyo uliirudisha sidii nyuma, hadi pale darajani. Malkia akageuka. Ukatoa ile sauti yako ya kike ambayo watu huichekelea, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Ukasema kwa niaba yake: "Msichana wangu nimemwacha amelala. Nani atamsuka nywele shule ikifunguliwa?"

"Ati msichana?" Mzee Hamisi akaruka. "Msichana gani? Hatujaona mtoto kwa hii sinema!"

"Ndio hamjamwona," ukasema. "Kwani lazima muonyeshwe kila kitu?"

Nilijua ni mimi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, nina hasira na nina furaha, na sijui ipi ilizidi. Kila uliporudia sinema hiyo ulimpa malkia maneno mengine, leo ya woga, kesho ya kiburi, lakini adui hukumwita hata siku moja. Na shule ilipofunguliwa ulinisuka wewe mwenyewe, mistari imepinda kama njia ya mlimani, nikaenda nikachekwa darasa zima.

Basi tukiwa tumekulaza uani hapa Malakisi, Mama akatokea. Amekonda, amejifunga leso, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Baba Mkubwa akasimama langoni. "Alimwacha ndugu yangu akiwa mzima, sasa anakuja kulilia maiti? Arudi alikotoka." Wazee wakanigeukia mimi, mtoto wako wa pekee, wakataka niseme: ni mjane akae kando ya jeneza, ama ni mgeni abaki nje?

Nilitaka kumfukuza, Baba. Usifikiri sikutaka. Lakini nilikukumbuka na kipaza sauti chako. Ulikuwa na nafasi tele ya kumhukumu mbele ya watu, na wote wangekupigia makofi, nawe ukakataa. Mimi nimhukumu juu ya jeneza lako? Nikaenda nikafungua lango mwenyewe. "Ni mjane," nikawaambia. "Aingie."

Kesho yake tukimenya viazi nilimsimulia Mama yote, banda, malkia, daraja. Alisikiliza kisu kimetulia mkononi. Nilidhani atalia.

"Baba yako alikuwa na maneno ya kila mtu huko," akasema. "Akifika nyumbani, kimya. Nilikaa na huo ukimya mpaka ukanishinda." Akachukua kiazi kingine. "Na sikugeuka, mwanangu. Ningegeuka, ningerudi."

Nimewakasirikia nyote wawili, Baba, na nawapenda nyote wawili, na hapa sina wa kunitafsiria. Baba Mkubwa ametuma mtu kuuliza Mama ataondoka lini. Nimemwambia aje aulize mwenyewe.

Kitu kimoja sikukijua: Mama hakuwahi kuingia bandani. Miaka yote mliyoishi pamoja Kitale, hakuwahi kukusikia kazini. Jana aliniuliza ulikuwa unasikikaje. Nikasimama katikati ya jikoni, nikashika mwiko, nikamfanyia yule jenerali wako, vile alivyokuwa akifoka na kupiga chafya. Mama akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, na hapo ndipo akalia.

Pumzika, Baba. Leo ameniomba nimfanyie tena.

Ni mimi,
binti yenu.