Wake Wawili wa Kuazima na Kikohozi cha Chege

Kosa la wengi wetu huku ziwani ni kudhani kwamba maradhi hutazama kwanza picha iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, yakamwona mwanaume na mwanamke wameshikana mikono, ndipo yakaamua yamwingie nani. Bwana aliyeandika barua hii amekosea hivyohivyo, ila yeye amekosea kwa bidii kuliko wote niliowahi kuwajibu. Aliniomba nisimtambulishe, kisha akaandika jina lake, jina la babake na rangi ya mlango wa kibanda chake. Hayo nimeyafuta. Majina mtakayoyasoma nimeyabuni mimi.

*

Mzee Nicodemus, pokea salamu zangu, na baada ya salamu nina shida inayotaka jibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mama yangu anakuja Kisumu na wajomba na jogoo wawili, mmoja wa kila mke wangu, na mimi, Mzee, sina mke hata mmoja.

Mimi ni fundi wa redio pale Kondele, naishi Nyalenda chumba kimoja na Chege ambaye anauza viazi, na majirani wanatusifu kwamba tunajua kubana matumizi kwa kugawana kodi, lakini ukweli ni kwamba Chege ndiye mtu wangu, kama vile wewe na mama watoto, na hilo sijawahi kumwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza, na wewe nakujua kwa gazeti tu. Sasa mwaka huu nikaanza kupata maumivu nikienda haja ndogo, nikaona haya kutibiwa mjini, nikaenda mpaka hospitali moja huko Seme ambako nilidhani hakuna anayenijua, nikasahau kwamba Seme ndiko alikozaliwa mama. Sista akanitazama akaniambia, "Hii ni ya kuambukizana. Nenda ulete mwenzako, tuwatibu pamoja," na mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Kijana, leo huko nyumbani utalala nje na mbuzi," watu wakacheka, mimi nikajua ni mke anayetakiwa, na mke sina, kwa hiyo nikamwomba Beldina, mjane anayeuza mandazi mbele ya kibanda changu, mama mwenye roho nzuri, na redio yake niliwahi kuitengeneza bure.

Tulipofika sista alifurahi sana, kumbe wanaume wanaoleta wake zao ni wachache, akatutoa nyuma ya foleni akatuweka mbele, akawaambia wengine, "Ona mwanaume huyu. Nyinyi mnaficha mabibi kama ng'ombe ya wizi," watu wakatupigia makofi, Beldina akachomwa sindano ya ugonjwa ambao hana, akatolewa na damu ya kupima ukimwi, akaonekana mzima, mimi nikachomwa sindano yangu lakini damu nikasema hakuna haja, maana mke akiwa mzima mume atakuwa na nini. Nikapona, halafu maumivu yakarudi, nikaenda tena na Beldina, sista akatukazia macho akasema, "Mama ni mzima, wewe mgonjwa. Iko mwingine. Huyo mwingine ni nani?" na Beldina, Mzee, sijui alisahau kwamba hatujaoana, akanipiga na kikapu mbele ya watu wote akasema, "Dishon, mimi nakupikia na wewe unatembea huko nje?" na yeye hajawahi kunipikia kitu isipokuwa mandazi, na hayo nalipa.

Ikabidi nilete huyo mwingine, nikamleta Rosa, rafiki wa Beldina, ambaye ana mume wake kabisa huko Ahero, naye akachomwa, akapimwa, akawa mzima. Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo mama mmoja anayeimba kwaya pamoja na mama yangu, na habari ikafika nyumbani kabla yangu kwamba Dishon ana kisonono na wake wawili. Mama akaja mpaka kibandani, akanishika kichwa mbele ya wateja akasema, "Wuoda, mwanangu, nilikuwa nalia nikidhani wewe si mwanaume. Kumbe uko na magonjwa kama baba yako," akafuta machozi ya furaha, akaenda kanisani akatoa shukrani, hakusema ni ya nini.

Sasa maumivu yamerudi tena, na sista anataka wa tatu. Maswali yangu ni mawili: nimwambie mama nani ni mke mkubwa kati ya Beldina na Rosa, kwa sababu ameshachagua mahali pa kujenga nyumba zao, na je, unamjua mama yeyote msiri ambaye anaweza kuwa wa tatu kwa asubuhi moja tu? Kuhusu ukimwi sina wasiwasi, kwa kuwa wake zangu wote wamepimwa na ni wazima, na katika zile picha za hospitali sijaona hata moja yenye wanaume wawili. Halafu Chege anakohoa sana siku hizi, mkanda wake nimeutoboa tundu jingine kwa sababu suruali zinamvuka, majirani wengine wanasema ni chira, kule kukonda kwa mtu aliyevunja mwiko wa ukoo, na wengine wanabisha kwamba chira haiwezi kumshika Mkikuyu. Yeye hospitali hataki kusikia, anasema ataambiwa alete mke, na wa kuazima nimeshawamaliza mimi. Lakini hilo si swali, nimelitaja tu.

Ni mimi nisiye na mke,
Dishon.

*

Bwana Dishon, hilo ulilolitaja tu ndilo nitakalolishughulikia. Jogoo wa mama yako watasubiri.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za hapa tangu nikiwa na nywele, kwa hiyo nivumilie nieleze neno moja. Sista alikwambia ulete mwenzako. Irudie barua yako, umeliandika vizuri kwa mkono wako mwenyewe. Mwenzako ni yule unayekula naye, unayelala naye, anayekukandia maji ukiugua. Neno hilo halina sketi wala suruali. Benchi lilisikia mke, sista mwenyewe pengine alikusudia mke, na wewe, mtu pekee pale aliyejua mwenzake ni nani, ukaenda kuazima muuza mandazi. Akina mama wawili wazima wamechomwa sindano ya mtu mwingine, na mwenye sindano yuko Nyalenda anauza viazi. Ndiyo maana maumivu yanarudi. Unatibiwa Seme, unafika nyumbani, unayakuta kitandani yanakungoja. Ukileta Seme nzima ichomwe, utaugua tena.

Sasa hesabu yako ya damu. Hata mke wa kweli akiwa mzima, damu yake haisemi lolote kuhusu damu ya mumewe. Mmoja anaweza kuwa na virusi na mwingine bado. Na wewe hawa wanawake hujawashika hata mkono. Umefanya kama mtu anayempima jirani kiuno ili akate suruali yake mwenyewe. Wewe Dishon hujapimwa. Chege hajapimwa. Hayo ndiyo tunayoyajua, hakuna zaidi.

Kuhusu picha, ni kweli. Baada ya kupata barua yako nilizunguka zahanati za mjini nikikagua kuta, mpaka mlinzi mmoja akaniuliza, "Mzee, umepotea au unatafuta choo?" Wanaume wawili hawapo. Waliochora waliona haya, na haya yao yamekuacha ukiamini kwamba uko salama, nami nawaambia hapa waziwazi kwamba wamekosea. Virusi hupita kati ya wanaume wawili, tena kwa urahisi, na kisonono kisichotibiwa huvirahisishia zaidi. Mipira, yaani kondomu, ni yenu pia. Itumieni kila mara, mkiwa wagonjwa na mkiwa wazima.

Sikuhubirii. Wahubiri mnao wa kutosha huko Nyalenda, na wana vipaza sauti. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu mwingine akikohoa hupelekwa hospitali, lakini Chege akikohoa lazima kwanza apatikane mke. Nimehudhuria mazishi mengi miaka hii ya tisini, na nimewaona waliozikwa mapema kwa sababu ya kuogopa swali moja tu la mke kwenye dirisha la hospitali.

Basi sikiliza. Mwenye kikohozi haulizwi mke. Kukohoa kwa muda mrefu na kukonda namna hiyo huenda ni kifua kikuu, na kifua kikuu kina dawa, mtu hupona, hata yule mwenye ukimwi. Wakiuliza Chege anaishi na nani, jibu, "Na mimi." Huo ni ukweli, na wanaolala chumba kimoja na mwenye kifua kikuu hupimwa wote. Akiwa ndani peke yake na tabibu, aseme mwenzake ametibiwa kisonono na kimerudi, na mwenzake yuko hapo nje. Aseme "mwenzangu", asiongeze neno, nanyi mtapewa dawa wote wawili. Kisha mtoe damu, wewe yako na yeye yake. Majibu yakiwa mabaya sitakudanganya kwamba ipo dawa ya kuponya ukimwi. Lakini anayejua hali yake hutibiwa kila ugonjwa unapotokea, na wewe umekwisha kuona anavyoishi asiyejua.

Mama yako mpelekee ujumbe kwamba hakuna mke mkubwa wala mdogo, asilete jogoo. Rosa ana mume, na mume wa Ahero hatapendezwa na ramani ya nyumba hizo. Mama atalia. Mwache alie, na usimweleze zaidi mpaka siku utakayoweza kuyasema hayo ukiwa umekaa na kutulia. Beldina na Rosa waombe radhi, maana wamekuchukulia sindano, na Beldina umemwonea ukisema hajakupikia kitu.

Hayo yote yana nafasi mpaka Jumamosi. Kikohozi hakina. Leo, ukimaliza kusoma hapa, funga kibanda, mpeleke Chege akapimwe kifua, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.