Gari la Kijani la Bwana Halfani Linagonga

Sumbawanga, 22 Juni 1953

Kwako Mshauri wetu mpendwa,

Naja mbele yako kuomba msaada, na nakusihi jina langu usilichape gazetini, maana mimi ni mtu ninayejulikana. Ni fundi wa magari hapa Sumbawanga, Mfipa wa Malangali, na babu yangu alikuwa mmoja wa wale walioyeyusha chuma katika matanuri ya udongo marefu kama nyumba, kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba kutoka hapa mpaka Tunduma hakuna mwenye sikio la injini kama langu, nikiegemeza ncha ya mtaimbo kwenye injini na ncha ya pili sikioni nakutajia silinda yenye kasoro kabla hujamaliza sigara yako.

Tajiri wangu ni Bwana Halfani wa Mazwi, mwenye malori, ndiye anayetuletea hata gazeti lako kutoka Mbeya, hulisoma yeye kwanza kwa sauti barazani kwake kisha ndipo linatufikia sisi. Mwaka jana alinunua gari la Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, gari la kijani, milango miwili, silinda sita, kabureta mbili, na kwenye saa ya mwendo namba zinafika mia na ishirini, maili hizo Mshauri, na katika Ufipa nzima lipo moja tu, na mkono unaolitengeneza ni wangu peke yangu. Likipita Izia watu huacha majembe wakasimama kuliangalia, nami nyuma ya usukani nasikia raha ambayo siwezi kuificha.

Sasa sikia balaa. Mwezi wa nne oili ilitupungukia, lori limekwama njiani kwa mvua, nami nikakumbuka yule Mzungu alivyoniambia siku ya kukabidhi gari kwamba huko kwao magari ya mashindano hunyweshwa mafuta ya nyonyo, na mafuta ya nyonyo nyumbani tunayo, mama anayakamua, na babu aliyatumia kulainishia ngozi za mivukuto yake ya kupulizia moto, basi moyo ukanijaa, nikaona kumbe Wazungu wenyewe wanafuata yetu, nikamimina chupa mbili kubwa juu ya oili iliyokuwamo na sikumwambia mtu.

Gari likaenda vizuri wiki tatu, kisha likaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, sauti nzito ya chini, na nikiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko ndipo inazidi, na mshale wa kipimo cha oili uliokuwa ukisimama arobaini injini ikiwa moto sasa unalala kwenye kumi. Lakini asubuhi, kwa baridi hii yetu ya Juni, nikiliwasha mbele ya Bwana Halfani halisemi kitu, mpaka mwenyewe anatabasamu, ndiyo maana aliponiuliza barazani mbele ya watu ule mlio anaosikia ukisemwa mjini ni wa nini, nikasema ni vali tu, nitazirekebisha. Hapo akainuka Beda, fundi baiskeli wa Izia, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kushika spana, akasema, "Shikamoo fundi, samahani sana. Juzi nimelisikia likipita kwangu. Ile siyo vali, ile beringi ya konrodi." Watu wote wakanigeukia. Nikamjibu, "Wewe Beda, rudi kwenye minyororo yako ya baiskeli," wakacheka, naye akakaa chini, nami nafikiri amesema kweli.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti gari hilo ndilo litakalompeleka Hamisa, binti wa Bwana Halfani, kwa mumewe Abercorn, ng'ambo ya mpaka, na dereva ni mimi, koti jeupe nimeshashonewa. Beringi ikivunjika njiani konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, itatoboa injini na binti wa watu atakaa porini na mapambo yake. Nikisema ukweli, jina langu limekwisha hapa mjini. Nifundishe namna ya kujua kwa hakika kama ni beringi au vali, na kama ni beringi, namna ya kuitengeneza kimya kimya asijue mtu.

Ni mimi, Sikio la Ufipa

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Sikio,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani niwe karibu nikuzabe kibao. Mimi nimeendesha malori ya jeshi Abisinia na Burma, na sauti uliyoiandika naijua kuliko sauti ya mlango wangu. Nawe pia unaijua. Vali hugonga juu, kwa sauti nyepesi, na asubuhi ya baridi ndipo husikika zaidi. Beringi hugonga chini, injini ikiwa moto na oili imekuwa nyepesi. Baridi ya Ufipa inaifanya oili yako iwe nzito asubuhi, inajaza pale palipolika, tajiri wako anatabasamu, na wewe unatabasamu naye huku unajua.

Hata hivyo fundi hahukumu kwa barua, kwa hiyo pima. Pasha injini moto hapo hapo gari lilipo, usiliendeshe hata hatua moja. Chomoa waya wa plagi moja, usikilize, uurudishe, uende wa pili. Waya ambao ukiuchomoa kishindo kinalegea, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Vali ingeendelea kugonga vilevile. Zima mara moja. Mwaga oili ikiwa bado ya moto, ipitishe kwenye kitambaa cheupe, ukitazame juani. Ukiona unga unaometameta, hiyo ndiyo beringi yako, inatoka kidogo kidogo.

Kisha fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nakuhakikishia utakuta chujio limezibwa na uji unaonata kama ulimbo, kwa sababu mafuta ya nyonyo na oili ya dukani havipatani. Mzungu hakukudanganya. Magari yale hunywa nyonyo tupu, na ikishatumika humwagwa. Yeye alikuambia nusu ya habari, nusu ya pili ukaijaza mwenyewe kwa jina la babu.

Na kwa kuwa wewe ni mjukuu wa wayeyusha chuma, najua mkono unakuwasha uyeyushe risasi umimine beringi ya kwako, au ukate kipande cha mkanda wa ngozi ukibane pale, kama tulivyofanya jeshini ili lori lifike kambini. Usithubutu. Injini ya mwendo ule itaitema kabla hujafika nusu ya njia. Agiza beringi mpya, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na konrodi, ipimwe, na ikiwa imechubuka ipelekwe ikachongwe. Haya hayatakwisha kabla ya Agosti. Hamisa aende kwa lori lililooshwa na kupambwa, na wewe uliendeshe ukiwa na koti lako jeupe.

Sasa hili la kimya kimya. Tanuri la babu yako lilikuwa refu kama nyumba, limesimama mahali pa kuonekana, na siku chuma kilipokataa kutoka kila jirani alijua. Aliificha wapi aibu hiyo? Hakuficha. Alijenga upya, na leo ndiye unayejivunia mbele yangu. Jivunie, una haki, lakini jivune kama yeye.

Na Beda! Umehitaji mtaimbo, naye amesikia gari likipita tu. Nani alimfundisha kusikia hivyo? Ni wewe, bwana mkubwa, na hiyo ni sifa kubwa kuliko gari lolote la kijani, ukaitupa ili watu wacheke. Nenda Izia ukamtake radhi, kisha mwombe mfungue injini hiyo pamoja.

Jina lako sikulichapa, ahadi ni ahadi. Lakini umenitajia tajiri wako, binti yake, Beda, Malangali, na rangi ya gari ambalo kwa maneno yako mwenyewe lipo moja tu Ufipa nzima. Ningeweza kuyafuta yote hayo. Nimeyaacha.

Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta, itakufikia safari moja ya lori kabla ya gazeti. Kwa hiyo siku Bwana Halfani atakapousoma ukurasa huu kwa sauti barazani, nataka awe anasoma jambo ambalo fundi wake alishamwambia kwa kinywa chake, na fundi huyo awe amekaa pale pale, ubavuni kwa Beda, mikono yao yote ina oili. Una lori moja, ndugu yangu. Nenda sasa hivi.