Tulimpa Chuma, Hatukumpa Gari

Baba,

Gari limewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua usingenisikiliza mpaka uambiwe hilo kwanza. Limewaka, limepanda mpaka Matombo kwenye misa yako ya mwaka, na limerudi kwangu Mazimbu bila kusukumwa na mtu.

Sasa nikueleze mengine, na si yote mazuri.

Siku ya kuanua matanga ukoo wako ulikaa kugawa. Sikutegemea kitu. Kwetu Waluguru mali ya mwanamume inakwenda kwa watoto wa dada yake, na mimi ni wa ukoo wa mama. Hilo nalijua tangu utoto. Nyumba akapewa Deo, mtoto wa Shangazi. Shamba la ndizi, Deo. Midalasini, Deo. Hata lile toroli nililokununulia kwa hela yangu, Deo. Nilikuwa nahesabu kimya kimya. Mwisho likabaki gari, ile pikapu yako nyuma ya jiko, majani yameota mpaka ndani, kuku anatagia kwenye kiti cha dereva. Shangazi akalitazama, akasema mbele ya watu wote: "Hicho chuma mpeni mtoto wake, akachomelee mageti."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Baba, maana ni kweli mageti ndiyo yananilisha. Lakini neno hilo liliniingia.

Nikalipakia kwenye lori, nikalishusha uani kwangu, nikaanza.

Gari hukunifundisha kamwe. Ulinifundisha jiwe tu. Breki ya mkono ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila uliposimama kwenye mwinuko ulisema, "Mama, jiwe," nami naruka chini na jiwe langu kuzuia tairi la nyuma. Nilikuwa na miaka saba, minane, na niliamini kabisa kwamba bila mimi gari lingeporomoka mpaka mjini. Kuchomelea nilijifunza mwenyewe, kwa mashine ya kukodi, na nguo zangu zote zilitoboka. Ulipoliona geti langu la kwanza ulisema, "Limepinda." Lilikuwa limepinda kweli, nusu sentimita. Sijakusamehe hiyo nusu.

Kutu ilikuwa imekula kuliko nilivyodhani. Bolti za bodi zilikuwa thelathini na mbili. Zilizokubali spana ni tatu, nyingine nilikata. Sakafu niliing'oa yote, nikaweka bati la milimita moja na nusu. Milango niliikata chini, sentimita kumi na mbili kila mmoja, nikaunga upya. Chesisi niligonga kwa nyundo kidogo kidogo huku nasikiliza: palipolia nikapaacha, palipojibu kama debe bovu nikakata. Injini ilikuwa imeganda. Nikamimina mafuta kwenye matundu ya plagi, nikasubiri, nikazungusha kwa mkono, haikutikisika. Nikamimina tena. Jirani yangu kila akipita getini ananiambia, "Dada, nunua bodaboda upumzike." Siku injini ilipogeuka kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani, nilikaa chini kwenye mchanga nikalia. Halafu nikaosha mikono nikaendelea na kazi.

Basi nikapanda nalo Matombo kwenye misa. Baada ya chakula watu wakatoka kulitazama. Deo akalizunguka. Akafungua mlango, akafunga. Akafungua tena. Nikaona kabisa anavyolipima. Akawaita wazee wa ukoo, akasema, "Mali ya mjomba ni mali ya mjomba. Huyu tulimpa chuma, hatukumpa gari."

Na wazee wakatikisa vichwa, Baba. Wakakubali.

Nikamwambia, "Deo, kama ni chuma unakitaka, twende Mazimbu. Sakafu niliyoing'oa ipo, vipande vya milango vipo, na kutu nitakukusanyia kwenye ndoo." Mzee mmoja akacheka. Deo hakucheka. Akauliza, "Na injini je?"

Injini ni ile ile yako. Funguo zilikuwa mkononi mwangu na nilijua nikizitoa, hata kwa kuonyesha tu, sizipati tena.

Shangazi alikuwa mkekani. Akainuka taratibu, akaja akaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto kwa jua. "Deo mwanangu," akasema, "neno la chuma nilisema mimi. Macho yalikosea, mdomo haukukosea. Nikilirudisha leo, kesho nani ataheshimu nilivyokupa wewe shamba?"

Deo akatazama chini. Yakaishia hapo.

Nimeshinda, lakini sikufurahi kama nilivyotegemea. Nimelipata kwa sababu lilionekana takataka. Ulikuwa na miaka mingi ya kuwaita watu wawili watatu ukasema, "Hili nampa binti yangu." Anachotoa mtu akiwa hai, nani angekuja kukigombea? Hukusema. Labda ulimwogopa dada yako. Labda uliona nina mageti yangu, yananitosha. Nilipanga kukuuliza kaburini, ila nilipofika nikang'oa majani tu, nikaondoka.

Sasa sikiliza mipango. Kuanzia wiki ijayo napanda Matombo Jumanne na Ijumaa kushusha ndizi. Nimelijaribu na kilo mia tisa, limepanda vizuri. Zaidi ya hapo sipakii, hata wanibembeleze. Deo ameshanitumia ujumbe: ana mikungu arobaini, eti twende kindugu. Nimemjibu karibu sana, nauli ni ile ya watu wote. Atakayepanda bure ni Shangazi peke yake, tena kiti cha mbele.

Na hili ndilo nakuahidi. Jumapili nawaita majirani, pamoja na yule wa bodaboda. Nitamsimamisha mwanangu Neema mbele yao, niseme kwa sauti kwamba gari hili ni lake siku nitakapolala, nizungumze nikiwa na meno yangu yote na akili yangu yote. Atakuwa amesikia kwa mdomo wangu. Hatahitaji kungoja mtu akosee.

Pumzika, Baba. Bado nakupenda, na bado nina hasira kidogo. Nitakuja kukwambia zikiisha.

Mwanao,
Paulina