Vigae Vikishashika Simenti

Mbezi Luis
11 Machi 2024

Mwanangu Ansbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo na joto la Doha halijakushinda. Mimi mzima, ila nyonga niliyogongwa na yule wa bodaboda bado inaniamsha kila alfajiri. Jirani yetu Raudha anakusalimu. Yeye ndiye atakayekuwa anapiga picha barua zangu na kukurushia kwa simu yake, maana masikio yangu kwenye simu hayashiki kitu tena. Nasikia mvumo tu. Basi tuandikiane, kama ulipokuwa seminari.

Vigae vyako vimefika. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilishindwa kupanda kilima chetu, dereva akashusha maboksi kule chini kwa muuza mkaa. Akanieleza kwa heshima kabisa kwamba alichokubaliana na duka ni kuvifikisha Mbezi, na pale ni Mbezi. Vijana wa pale wakayapandisha kichwani. Boksi moja likapasuka, mengine yamefika salama, yamejaa sebule nzima hata napita kiubavu.

Fundi Godlisten alitoa kigae kimoja kwenye lile boksi lililopasuka, akakipangusa kwa kitambaa kibichi, akakilaza chini nikione. Ni kizuri, sikatai. Nilijiona mpaka mikunjo ya uso. Nikakikanyaga, fimbo ikakimbia, nami nikaifuata. Kama si Godlisten kunidaka ningekuwa naandika mengine.

Mwanangu, naomba virudishwe. Duka linapokea maboksi ambayo hayajafunguliwa, ili mradi iwe ndani ya wiki, na wanavyo vingine visivyo na mng'ao, vya kukwaruza kidogo, wanavyoweka watu barazani. Ila wanasema aliyeagiza ni wewe, kwa hiyo ombi litoke kwako. Waandikie leo.

Mama yako,
Apolonia


Doha
13 Machi 2024

Mama mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Mie mzima wa afya, kazi zinaenda. Nyonga nakuombea ipone, na usiache ile dawa ya kuchua.

Mama, nimesoma barua yako mara mbili. Vigae hivyo sikuviokota tu mtandaoni. Hiyo ni poselini, siyo vile vya kawaida vinavyopasuka ukidondosha sufuria. Ni hivihivi vilivyoko kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ninayofanya kazi. Mawaziri wanavikanyaga, wachezaji mpira wanavikanyaga. Kila nikiviona nasema, mama yangu naye atatembea juu ya hivi. Leo vimefika mlangoni, unataka nirudishe kama mtu aliyekosea?

Kuteleza ni ugeni tu, utavizoea. Vya barazani ni vya barazani, mama. Umefundisha watoto wa watu maisha yako yote juu ya sakafu ya vumbi, sasa kaa pazuri. Nimeshamwambia Godlisten aanze.

Mwanao,
Ansbert


Mbezi Luis
5 Mei 2024

Mwanangu Ansbert,

Marahaba, na amani ya Bwana iwe nawe. Umesikia habari za mvua? Huku imenyesha mpaka njia ya kwetu imekuwa korongo. Lakini tuko salama.

Kazi imeisha. Godlisten ameweka vigae sebuleni, koridoni, chumbani kwangu na msalani. Chumba chako alikibakiza, anasubiri umletee rangi ya ukuta kwanza. Jumuiya ilisali hapa kwetu juzi, wakavua viatu barazani bila kuambiwa. Mama Theonest akasema nyumba imekuwa kama benki. Nilifurahi, nisiwe mwongo. Nikawaambia mwanangu yuko mapokezi ya hoteli kubwa, ndiyo anayoyaona huko.

Walipoondoka walikuwa wameacha alama za nyayo za mvua kila mahali, nikashindwa kutoka kwenye kiti. Nilikaa mpaka sakafu ilipokauka yenyewe. Sasa natembea nikishika ukuta. Kwenda mlangoni sikati tena katikati ya sebule, nazunguka kwa pembeni, kiti hadi kabati, kabati hadi dirisha. Mvua ikinyesha sitoki kabisa. Kuku wangu Raudha ndiye anayewafungulia.

Nilimwomba Godlisten apige simu dukani tena. Alipomaliza kuzungumza nao alinieleza taratibu, kama anayeleta habari za msiba: yale maboksi yaliyobaki hawayapokei tena, wiki ilipita zamani, na vilivyowekwa ndiyo basi. Kigae kikishashika simenti hakirudi. Wamesema ni chetu.

Mama yako,
Apolonia


Doha
8 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na mvua. Nimekuagizia zulia la sebuleni na yeboyebo zenye meno chini, zitaletwa na jamaa wa duka lingine, huyu ana pikipiki, atafika mpaka mlangoni. Tandika zulia, vaa hizo, ishu imeisha.

Na usiwe unakanyaga kukiwa na maji. Raudha afute kwanza.

Mwanao,
Ansbert


Mbezi Luis
21 Julai 2024

Ansbert mwanangu,

Nisamehe kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa hogo la plasta hospitali.

Najua umeandika mara nyingi na Raudha alikuwa ananionyesha, lakini sikuwa na nguvu ya kujibu, na nilimkataza asikueleze mpaka niandike mwenyewe. Nilianguka. Zulia lilikuwa limetulia katikati ya sebule, lakini ukingo wake ulijikunja, fimbo ikashika pale, na zulia lote likaondoka na mimi kama mtu amelivuta. Niliangukia kiganja. Nilikaa chini nikiita, na kwa masikio yangu haya sikuweza hata kujua kama kuna mtu ameitika. Raudha aliniona dirishani alipoleta maboga.

Mfupa wa mkono umevunjika, nyonga imepata mtikisiko tu, daktari anasema nimshukuru Mungu. Namshukuru. Ila nakuomba usinitumie kitu kingine cha kutandika juu ya vile vigae. Naomba ruhusa yako vitolewe. Hilo tu.

Mama yako


Doha
22 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo na pole sana. Nimelia kazini mpaka msimamizi akaniuliza. Nimeomba likizo ya dharura wakaniambia mpaka awe mzazi amefariki. Wameniambia hivyohivyo, mama, bila kumung'unya maneno.

Kung'oa sakafu yote sasa hivi, wewe ukiwa na mkono mmoja, vumbi na nyundo nyumba nzima, utakaa wapi? Subiri kwanza. Nimezungumza na mama mdogo Songea, binti yake Jenipher anakuja kukaa na wewe. Ni mtu mzima, alimuuguza bibi yake mpaka mwisho. Nimemwelekeza kila kitu. Usisimame peke yako. Usiende msalani bila yeye. Akitoka kwenda sokoni atafunga mlango ili usishawishike kutoka. Nafanya hivi kwa sababu nakupenda na siwezi kufika.

Mwanao,
Ansbert


Mbezi Luis
9 Septemba 2024

Mwanangu Ansbert,

Salamu katika Kristo. Afya yangu ni nzuri. Mkono umefunguliwa, mwandiko umerudi kama unavyouona. Jenipher ni binti mwema, hajawahi kuninunia, anapika vizuri, ugali wake hauna mabuja. Simlaumu kwa lolote. Anafanya ulichomwagiza.

Nikuambie siku yangu ilivyo. Ananiamsha, ananishika kwapa, ananipeleka msalani, ananirudisha kwenye kiti. Nakaa. Kiti amekielekeza kwenye runinga, ambayo sisikii inachosema. Nikitaka kusimama anasema, "Mama mkubwa, kaka Ansbert amekataza." Akienda sokoni anafunga geti la mlango kwa kufuli kwa nje na funguo anaondoka nayo. Naona barazani kwangu kupitia nondo. Naona ndoo yangu. Fimbo yangu ameiweka juu ya kabati, ili nisishawishike, kama ulivyosema.

Jumamosi jumuiya walipita kunisalimia, wakakuta kufuli. Hawakutaka kuondoka bila sala. Mama Theonest alipitisha mkono kwenye nondo za dirisha, nikamshika vidole, tukasali hivyo, wao nje, mimi ndani. Katikati ya Salamu Maria akaanza kulia. Mimi sikulia. Niliona aibu, Ansbert. Nimewahi kwenda kuona wafungwa Segerea na utume wa akina mama, tulishikana nao mikono vilevile.

Nyonga imeshapona kuliko ilivyokuwa Machi. Miguu ndiyo inayokufa kwa kukaa. Sakafu tu ndiyo inayonizuia kufika mlangoni, na nikifika mlangoni, kufuli lako. Hakuna kati ya hivi nilichokiomba.

Nijibu.

Mama yako,
Apolonia


Doha
15 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umeniita askari jela. Nimeisoma barua yako kwenye basi la wafanyakazi, nikashindwa kumtazama mtu.

Sasa na mie nikuambie. Niko mapokezi ya hoteli, ni kweli, lakini sijawahi kukaa nyuma ya ile meza. Ninachofanya ni kung'arisha sakafu. Nina mashine yenye brashi ya mviringo, nazunguka nayo ukumbi wote, nikimaliza upande huu wageni wameshachafua ule. Sisi wenye sare za kijivu haturuhusiwi kukatiza ule ukumbi tukiwa hatuna mashine mkononi. Ukitaka kwenda upande wa pili unashuka chini, unapita koridoni penye mabomba na mapipa ya taka, unapanda tena. Mwaka wa tatu huu naviona vigae vile kuliko nilivyowahi kuona kitu chochote, na sijawahi kutembea juu yake kama mtu.

Ndiyo maana nilivitaka kwako. Nilikuwa nikilala naona wewe unakatiza sebule katikati, polepole, hakuna wa kukuambia pita pembeni. Na wewe umeniandikia kwamba unapita pembeni.

Mlango nimemwambia Jenipher asiufunge tena. Lakini vigae usiving'oe, mama. Nakuomba. Hicho ndicho pekee nilichokifanya huku.

Ansbert


Mbezi Luis
10 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilianza na maneno ya kukukaripia, nikachana. Halafu nikaandika ya kukubembeleza, nayo nikachana.

Kazi yako nimeielewa. Jumapili baada ya misa niliwaambia akina mama wote kwamba mwanangu anang'arisha sakafu Doha, nisije nikafa na ule uongo wa meza. Mama Theonest akasema wa kwake yuko Dubai anaosha magari, na alikuwa ametuambia ni dereva. Tulicheka mpaka padre akatugeukia.

Umeona nimeandika baada ya misa. Nilikwenda kwa miguu yangu. Sasa sikiliza nilichofanya, na ukitaka kukasirika kasirika.

Nilimwita Godlisten siku Jenipher yuko kisimani. Fimbo Jenipher alikuwa amenirudishia, nikamwonyesha nayo: kutoka kitandani kwangu hadi msalani, kutoka kitandani hadi sebuleni, kutoka hapo moja kwa moja hadi mlangoni, kupita katikati, siyo pembeni. Upana wa mtu na fimbo yake. Ving'olewe hivyo tu, vingine vibaki.

Aliinama akakipapasa kigae kimoja, maana ni kazi ya mikono yake. Akasema, "Mama, nikivunja siwezi kuvirudishia."

"Sikukuita urudishie," nikamjibu.

Jenipher aliporudi akaanza kukupigia, nawe ukawa kazini. Godlisten alikuwa ameshaingiza tindo. Vigae vyako ni vigumu kweli, hukunidanganya, alitoka jasho kama anachimba kisima. Kilichong'oka kizima ni kimoja kimoja, vingine vilitoka vipande. Alipomaliza akamwaga simenti, na kabla haijakauka akapitisha ufagio juu yake, ikabaki na mikwaruzo. Tulilala kwa Raudha mpaka ilipokomaa.

Sebule sasa ni mbaya, Ansbert. Sitakuficha. Ule mng'ao wote halafu katikati njia ya kijivu kama kovu. Mgeni akiingia anashangaa. Lakini nasimama kitandani mwenyewe, nafika mlangoni mwenyewe, sishiki kitu. Jenipher alinifuata nyuma mikono imetandazwa siku ya kwanza. Siku ya pili alikaa. Sasa anataka kurudi Songea, anasema hana kazi hapa.

Sikufanya kwa kukudharau. Nilisubiri uniruhusu, nikaona nitakufa nimeketi. Niandikie, hata kama ni maneno mawili ya hasira.

Mama yako,
Apolonia


Mbezi Luis
8 Desemba 2024

Ansbert,

Nangoja barua yako. Raudha anafungua simu kila jioni na kunitikisia kichwa. Kama unaumwa mwambie mwenzako yeyote aandike.

Noeli inakaribia. Nimefuga jogoo mkubwa, nikikumbuka kwamba hutakuja namhurumia na kumwacha.

Mama


Doha
29 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Siumwi. Nilikasirika, halafu hasira ikaisha nikabaki sijui niandike nini.

Likizo wamenikatalia tena. Wanasema mpaka mkataba uishe, na paspoti wanakaa nayo wao, kwa hiyo hata nikitaka kubishana sina pa kwenda. Siku ya Noeli niling'arisha ukumbi, walikuwa wameweka mti mkubwa wa taa, na taa zote zikawa zinaonekana chini kwenye sakafu. Wageni walipiga picha. Nilisimama ukutani na mashine yangu nikingoja wamalize.

Raudha amenitumia picha yako umesimama katikati ya sebule, kwenye ile simenti. Nimeikuza nikaangalia miguu. Huna yeboyebo, uko pekupeku. Nimewaonyesha wenzangu chumbani, Mnepali mmoja akauliza huyo mama amesimama barabarani au ndani ya nyumba. Nikamwambia ni ndani, ni kwetu.

Jenipher mruhusu aende. Ile rangi ya chumba changu sikuwahi kuituma, na yale maboksi yaliyobaki najua yamerundikwa mlemle. Mpe Godlisten akawauzie watu, au awape bure, vyovyote. Kisha amwage simenti humo chumba kizima, aifagie kama yako.

Sitaki kuvikuta nikirudi.

Mwanao,
Ansbert