Orodha ya Kaka Nassor

Jumatano, 5 Novemba. Ibra
Kurasa saba kabla ya adhuhuri. Soko la wanawake sikwenda, kitabu kimenishika. Nafasiri maisha ya jenerali mmoja wa Amerika ya Kati. Alipindua serikali, akatawala na magwanda yake, kisha akavaa suti, akagombea, akachaguliwa rais. Watu walipanga foleni juani kumpigia kura. Siwaelewi. Sura ya sita ni ya waliochukuliwa na wanajeshi wake. Nimeiruka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimerudi sura ya sita. Maneno ya kijeshi sina. Kaka Nassor anayo, alikuwa kapteni wa jeshi kule bara, Afrika, tulikozaliwa, zama za utawala wa jeshi, kabla hatujahamia Oman. Zama hizo hizo walimchukua mume wangu Hamed, mwalimu wa hesabu. Hakurudi. Kaka aliniambia hajui lolote. Nimemwamini miaka arobaini na tano. Nilihitaji kuwa na kaka.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeendesha mwenyewe hadi Nizwa kwa kaka, nikapitia Izki. Shikamoo, marahaba, halwa, kahawa. Akaniuliza ulum, yaani habari, kama ilivyo ada ya hapa, nami nikajibu mashay, hakuna jipya. Hata nyumba ikiungua mtu huanza kwa jibu hilo.

Nikatoa karatasi za sura ya sita. Akachangamka kunipa maneno: doria, zamu, kikosi. Nikamsomea kwamba wanajeshi waliingia mtaani wakakamata waliowakuta. Akanisahihisha hapo hapo.

"Hawakamati wanaowakuta, Zuwena. Hupewa orodha. Kapteni anatia saini, ndiyo wanatoka."

Mkewe alipotaka kummiminia kahawa, akatikisa kikombe, basi, inatosha. Nami sikuuliza. Mwoga mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Sikufasiri kitu. Hasira tupu. Nimempigia simu, nikauliza moja kwa moja: jina la Hamed lilikuwemo?

"Lilikuwemo."

Saini ya nani?

"Yangu, bibi wee."

Akaanza kueleza kwamba angekataa, angetiwa orodhani yeye pia. Nikakata. Namchukia. Nimemlelea wanawe wawili. Idi zote nimekula kwake, nikamsifia na pilau.

Jumatatu, 10 Novemba
Kapiga mara tano. Sikupokea.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimemaliza kitabu. Sura ya mwisho ni maziko ya jenerali. Alifia kitandani kwake. Mizinga, bendera, wanawe mstari wa mbele. Nimefasiri yote kama yalivyo, ila sura ya sita nimeirekebisha: orodha, saini.

Baada ya sala Nassor akapiga tena. Nikapokea. Hakuomba msamaha. Alitaja mahali tu: nyuma ya kiwanda cha pamba, upande wa mtoni, watu wanane shimo moja. Nikaandika. Nikamwuliza kama waliwalaza kuelekea kibla.

Akasema hajui. Hakushuka garini.