Kravati uliyoondoka nayo

Papa wangu uliye mbali,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana tangu asubuhi, na kila nikiandika mistari miwili nasimama, nachungulia dirishani, narudi tena. Ungekuwepo ungesema, "Ikala chini, maman, uko unanizungusha kichwa." Ulikuwa unaniita maman hata nilipokuwa na miaka minane.

Unakumbuka ile misa uliyonifundishia fizikia? Mwanamke mmoja katikati ya benchi letu alitoka na mtoto aliyekuwa analia. Jirani yake akasogea akajaza nafasi, na aliyemfuata akasogea pia, mpaka nafasi tupu ikafika kwetu ukingoni. Ukaninong'oneza, "Angalia. Watu wanaenda kule, nafasi inakuja huku. Sasa uniambie, nani anatembea?" Mama akatukazia macho, ukajifanya unasali.

Jumatatu, kwenye meza yako ya kutengeneza redio pale Kadutu, ulinionyesha transista, kile kipande kidogo chenye miguu, na kuniambia kwamba ndani yake ni vivyo hivyo. Elektroni moja ikiondoka, ya jirani inaruka kujaza, na pengo linasafiri upande wa pili. Wenye elimu wameliita trou, shimo, wakalipa uzito na chaji, wakalihesabu kama kitu. Nilicheka. Nilikuuliza kitu ambacho hakipo kinawezaje kuwa na uzito. Ulisema nitaelewa nikiwa mkubwa, na hilo lilinikera.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Umeme ulikuwa umekatika, nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya babula, jiko la Mama. Ulikuwa umenifundisha mara mia: "Kamata muguu na pensi, hesabia tatu, toa." Pensi, koleo lako dogo, ndiyo inayomeza joto lisifike ndani. Mimi, kwa haraka zangu, sikushika pensi wala sikuhesabu. Transista ya mwisho uliyokuwa nayo, ya redio ya katekista, ikafa mikononi mwangu. Nilipofika chuo ndipo nilipojua kwamba joto likizidi, elektroni hung'oka ovyo na mashimo huzaliwa kila upande, hadi kile kipande kishindwe kabisa kuzuia umeme.

Hukunigombeza. Ulisema, "Nitaenda Bujumbura kutafuta ingine. Usiambie mama." Kesho yake ukapanda lori la Uvira, njia ya Bujumbura, na hukurudi. Mimi nikanyamaza, na miaka tisa ikapita.

Tulisogea, Papa. Nilikaa kwenye kiti chako, mdogo wangu akachukua ndoo zangu za maji, Mama akaenda kuuza sokoni. Kila mmoja alijaza nafasi ya mwenzake, na bado jioni, sahani zikipangwa, kuna mahali mkono wa Mama unasita. Leo nafundisha fizikia, na kila mwaka nikifika kwenye somo la trou natoka jasho. Nilijua nani alikufukuza nyumbani. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Jumamosi, tukitoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na majembe begani, nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia Mama yote, makaa, pensi, transista. Aliendelea kutembea.

"Transista?" akasema. "Papa yako alibeba kravati yetu ya mariage. Huku Zaïre kravati iko interdit, serikali ilikataza. Alikuwa anaenda kuivalia wapi?"

Nilisimama njiani. Anayefuata transista hafungashi tai ya harusi; ulikwenda kukaa. Akageuka kuniangalia.

"Miaka yote hii ulikuwa unabeba ile peke yako?"

Akaninyang'anya jembe, akaongeza kwenye lake, tukashuka.

Tangu hapo situlii. Mara nafurahi kwamba si mimi, mara nakukasirikia. Uliniacha na kosa ambalo halikuwa langu, na ulijua nitalibeba, kwa sababu ulinijua. Kesho wanafunzi wataniuliza kama trou ni kitu cha kweli. Nitawaambia ndiyo, ndani ya kipande kile. Lina uzito, linabeba umeme, redio haiimbi bila yake. Ila huwezi kulitoa nje ukaliweka mezani, nje halipo. Na wewe, huko uliko, si pengo la mtu. Ni mwanamume anayefunga kravati asubuhi na kwenda kazini. Humu ndani tu, kwetu, ndimo ulimo na uzito.

Mchana huu umeme umekatika tena. Nimepasha chuma kwenye babula, nimekamata mguu wa transista kwa pensi, nimehesabu tatu, nimetoa. Redio inaimba kwa betri, Mama anaisikia kutoka jikoni.

Kaa salama, Papa. Nilikupenda na ninakupenda bado, hilo halijabadilika. Siku ukirudi, njoo mikono mitupu. Transista tunayo.

Ni mimi, maman wako,
binti yako wa kwanza