Nywila ya Baba Watoto

Mume wangu,

Chai iko kwenye chupa. Nimekwenda kumpima bibi harusi.

Asubuhi kompyuta iliponikatalia nywila ukacheka: "Fundi cherehani na hifadhidata, wapi na wapi!" Iliniuma. Ulipoingia kuoga nikagundua kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewashwa. Nikaingia! Vipimo vya wateja wote sasa nimeviweka salama kwenye hifadhidata hiyo, na wewe nimekufungulia akaunti yako.

~~Utasoma tu, usiguse kitu.~~ Basi, nimekuruhusu na kuandika. Kazi ni yetu sote.

Nywila yako siiandiki hapa, watoto wataiona. Ni jina ulilokuwa ukiniita kabla hatujaoana, kwa herufi ndogo. Ukilisahau, kaa hapo mpaka ulikumbuke, kisha nikirudi uniite nalo.

Mama Watoto